Nyumba Inayonukia Harusi

Lafey,
3 Agosti 2024

Kwako abaayo wangu Raho,

Asalaam aleikum warahmatullah. Vipi hali yako dada yangu, vipi tumbo lako, vipi binti yako Ayan na masomo yake huko Nairobi? Natumai barua hii itakukuta kivulini na kikombe cha chai mkononi. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, ila jua linatuonea na mnara wa simu bado umelala tangu magaidi walipoushambulia mara ya pili. Mafundi wanaogopa kuja, na mji mzima umekuwa bubu. Ndiyo maana nakuandikia kama zamani. Barua nampa Shirwa wa lori la vitunguu, anayeapa kwamba hajawahi kupoteza gunia, sembuse karatasi. Nawe ukijibu mpe yeye. Kisomali chetu ni cha mdomo tu. Kalamu tuliishikia Kiswahili shuleni, na wewe nilikushikisha mimi mwenyewe, kwa hiyo usiniambie umesahau kuandika.

Sasa kaa vizuri. Ikran wangu ameposwa! Kijana anaitwa Abdiqani, wa huko huko kwenu Garissa, anafanya kazi ofisi ya mifugo. Mama yake mdogo ni Osob, jirani yako hapo Iftin, kwa hiyo hawa si watu wa kuulizia. Nikaha itasomwa hapa Lafey mwezi wa Desemba, shule zikifungwa na mimi nikipata pumzi.

Desturi ya nyumba yetu unaijua. Siku ya saba wanawake walioolewa watamfunga bi harusi shaash, kitambaa cha mwanamke mwenye mji wake, na fundo la kwanza hufungwa na eeddo, dada ya baba. Wewe ulifungwa na eeddo yetu, Mungu amrehemu, ukalalamika wiki nzima kwamba amekukaza kichwa. Ikran ana eeddo mmoja tu duniani. Tangu utolewe ule uvimbe mwaka jana hujatia mguu huku, wala harusi ya mtu, wala aqiqa. Umepona, basi njoo. Mke wangu Lul ameshakutengea chumba.

Kaka yako,
Bishar


Iftin, Garissa,
25 Agosti 2024

Aboowe Bishar,

Wa aleikum salaam warahmatullah. Mimi sijambo. Tumbo halijambo. Ayan hajambo. Hata mbuzi hawajambo, ingawa hukuwauliza. Lul mpe salamu zangu, mwambie chumba akitie magunia ya unga, kisikae bure.

Habari ya Ikran imenifanya nipige vigelegele peke yangu humu ndani mpaka kuku wa Osob wakatawanyika. Mungu ambariki. Juzi juzi tu alikuwa ananivuta shungi akitaka peremende.

Lakini kuja, Aboowe, kaka yangu, usinitegemee. Goti la kulia linanisumbua. Mbuzi hawana mtu wa kuwaangalia. Na barabara yenyewe unaijua, mtu anatoka Garissa mzima anafika Lafey amekuwa vumbi. Nitampikia Ikran unsi kwa mkono wangu, ule wa kufukiza, wa ubani, sukari na marashi ya marehemu mama. Nitampa Shirwa kopo zima. Watu wakiingia nyumbani kwenu wajue harufu ya ukoo wetu.

Fundo la kwanza mpeni mwanamke mwingine. Shaash ni kitambaa tu, Aboowe. Mkono wowote unafunga.

Dada yako,
Raho


Lafey,
29 Septemba 2024

Raho,

Asalaam aleikum. Leo siulizi hali yako, kwa sababu nimeshaambiwa.

Wajumbe wa Abdiqani walikuja wiki hii kuzungumzia mahari. Wakala, wakanywa, wakaomba dua. Kisha mkubwa wao akakohoa na kusema, "Mwalimu, kabla hatujaendelea, kuna neno tunataka kulisikia kinywani mwako. Dada yako aliolewa lini?"

Nilidhani anazungumzia marehemu mume wako. Nikamjibu kwamba wewe ni mjane mwaka wa sita. Akatazamana na wenzake. Raho, nilitamani ardhi ipasuke. Wakaniambia Iftin nzima inajua. Wanasema nyumba yako inafuka unsi asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, kama nyumba ya bi harusi. Nani huchoma unsi namna hiyo pasipo mume ndani? Wanasema pazia haliinuliwi, mgeni anapokewa uani. Unaoga mchana mara tatu, umejishonea madera mapana mapya, husogei tena kwenye sinia moja na wanawake wenzako. Na Osob ameapa kwa Mungu kwamba alikuja kuomba chumvi akasikia, nyuma ya pazia, sauti ya mwanamume akikoroma.

Sasa nimeelewa goti lako ni goti gani.

Mimi ndiye walii wako. Baba amekufa, mume amekufa, na ndoa yako iko mkononi mwangu mbele ya Mungu na watu. Ungetaka kuolewa, ungesema, ningechinja. Kwa nini ndoa ya kificho, kama watoto waliokimbia boma? Na kama si ndoa, basi sitaki hata kumaliza sentensi hii. Wakwe wanauliza ni nyumba ya namna gani wanayochukua mke. Posa ya Ikran inaning'inia kwa uzi, na uzi wenyewe umeushika wewe.

Niandikie jina la mwanamume huyo.

Bishar


Iftin, Garissa,
14 Oktoba 2024

Aboowe Bishar,

Wa aleikum salaam. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikakaa pale pale kizingitini. Shirwa alidhani umekufa. Mimi! Mwanamume! Nilicheka kwanza, wallahi, nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu kicheko kikageuka na sikuweza kukizuia.

Umetaka jina lake. Hana jina, lakini ngoja nikuonyeshe. Analala nami upande wa kushoto, na nikigeuka vibaya ananiadhibu. Ana sauti, na huongea anapotaka yeye, hajali mgeni wala Qur'ani. Ndiye aliyekoroma Osob alipokuja kuomba chumvi. Nikisafiri ananifuata, nikisali yupo, nikila anajibu. Ni mfuko, Aboowe. Mfuko wa plastiki umebandikwa tumboni mwangu, na choo changu kinatokea humo.

Nimeandika. Kalamu haikuvunjika.

Ule uvimbe niliokuambia ulikuwa kansa ya utumbo. Sikukudanganya, nilikuficha neno moja tu. Mwaka mzima nilikuwa naona damu nikidhani ni bawasiri, nikinywa dawa za mizizi na kukalia maji ya moto, kwa sababu ni sehemu ambayo mwanamke hamwonyeshi mtu. Nilipoonyesha, nikapelekwa Nairobi. Kansa ilikuwa imekaa mwisho kabisa wa utumbo, mlangoni, na daktari akasema mlango wenyewe hauwezi kubaki. Wameushona. Hautafunguka tena mpaka nizikwe. Wakanitobolea mwingine tumboni, upande wa kushoto chini ya kitovu, na huo hauna kufuli. Mimi siamui chochote.

Daktari alinieleza yote kabla ya kunipasua, na mkalimani akarudia, nami nikawa naitikia haya, haya. Sikuelewa. Nilidhani ni mrija wa siku mbili tatu. Nilipozinduka nikafunua shuka na kuona kitu chekundu, kibichi kama ndani ya mdomo, kinachezacheza chenyewe. Nikamwuliza Ayan, "Hiki watakitoa lini?" Ayan akageukia dirisha. Nilipiga yowe wodi nzima ikaamka. Siku hiyo nikamwapisha mtoto wangu asimwambie mtu, hata wewe, hasa wewe.

Ugonjwa wenyewe umetoka, nashukuru. Kila nikirudi kupimwa wanasema pako safi. Watu wa hospitali wananiambia, "Mama, umepona," na wanasema kweli. Lakini hakuna aliyeniuliza nimepona nikawa nini.

Ngoja nikuambie kilichonitokea nikirudi nyumbani mara ya kwanza, kwa maana hili hata Ayan hajui nalilia mpaka leo. Basi lilisimamishwa kizuizini. Tukashushwa wote, wanaume huku, wanawake kule. Askari wa kike akapita akitupapasa mmoja mmoja, kama kawaida yetu. Mkono wake ulipofika tumboni mwangu ukasimama. Akabonyeza. Kisha akaruka nyuma akipiga kelele, "Ana kitu! Amefunga kitu tumboni!"

Unajua nchi yetu, Aboowe. Unajua neno hilo linafanya nini hapa. Watu walitimua mbio, mama mmoja akamwangusha mtoto wake, bunduki zote zikanigeukia. Nikaambiwa ninyanyue mikono. Nikanyanyua. Nikaambiwa nifunue. Nikafunua, barabarani, mchana, mbele ya wanaume ambao sijui majina yao, na kwa ile hofu mfuko ulikuwa umejaa. Askari mmoja alitapika. Yule wa kike akaanza kulia na kuniomba radhi, akanifunika kwa koti lake. Hadi Garissa kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi ingawa watu walikuwa wamesimama.

Tangu siku hiyo sijavuka daraja la Tana kwenda Nairobi bila Ayan kuja kunichukua kwa gari dogo na barua ya daktari juu ya paja. Na wewe unaniita Lafey, siku mbili, vizuizi nisivyoweza kuhesabu.

Ndiyo, nachoma unsi. Nachoma asubuhi na jioni kwa sababu mimi siisikii tena harufu yangu, nimeizoea, kwa hiyo sijui wengine wanasikia nini. Nachoma nisihukumiwe. Naoga kwa sababu joto la Garissa linalegeza gundi, na mfuko ukivuja ngozi inawaka kama pilipili. Mifuko inatoka Nairobi. Ikichelewa nafua ile ile. Madera mapana ni ya kuuficha. Kwenye sinia sisogei kwa kuwa kitu hicho kinaweza kunguruma watu wakiwa wameinamia chakula, nawe unajua kwetu mtu akitoa upepo mbele ya watu anahama mji. Nikijua nitatoka, sili kuanzia jana yake. Maharagwe niliacha, vitunguu niliacha, na maziwa ya ngamia, Aboowe, hayo niliyaacha nikayalilia.

Sala naisali. Ustadha Khadijo nilimwuliza kwa kupitia pazia, nikijifanya naulizia mtu mwingine, akasema mwenye udhuru atatawadha kila wakati wa sala ukiingia na Mungu anampokea. Mungu, ndiyo. Ni binadamu ndio nisio na hakika nao.

Umesema ndoa yangu iko mkononi mwako. Basi mume wangu ndiye huyo. Waambie wakwe unavyotaka, mwambie hata Shirwa akatangaze sokoni, mradi posa ya mtoto isivunjike kwa ajili yangu. Ila usije kunitazama. Nisiyoweza kuyavumilia ni macho yako wewe.

Dada yako,
Raho


Iftin, Garissa,
24 Novemba 2024

Aboowe,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima, Lul mzima, Ikran mzima.

Shirwa anasema barua alikupa mkononi. Anasema uliisoma ukiwa umesimama kando ya lori, ukaikunja, ukaondoka bila hata kumuaga, na chai aliyokuagizia ikapoa. Tangu hapo amepita Lafey mara tatu na kila mara anaambiwa mwalimu hayupo, au mwalimu ana kazi.

Nimeelewa. Sikulaumu. Hata mimi nilipokiona mara ya kwanza nilipiga yowe, na mimi ndiye mwenyewe.

Unsi wa Ikran huu hapa, kopo limefungwa vizuri kwa plasta. Fundo la kwanza afunge dada wa mkeo Lul. Ana mkono mwepesi, hatamkaza mtoto kichwa.

Raho


Wajir,
14 Desemba 2024

Kwako abaayo wangu Raho, fundo la kwanza la nyumba yetu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Vipi hali yako? Vipi ngozi yako, bado inawaka? Vipi mumeo, anakoroma? Nauliza kwa haki, maana sasa nafahamiana naye.

Usinichukie kwa kunyamaza. Barua yako ilinipiga kifuani. Niliisoma kando ya lori na sikusikia tena kelele za soko. Nilikwenda kukaa nyuma ya darasa, mwanamume mzima mwenye mvi, nikilia na kutukana, na niliyemtukana ni mwandishi wa ile barua ya Septemba. Nilijaribu kukujibu jioni hiyo hiyo. Niliandika "pole," nikalitazama neno, nikalichana. Mtu aliyemwomba dada yake jina la mwanamume, akaletewa hilo, atamjibu pole?

Nikaona nisiandike mpaka nijue. Nilipanda gari kwenda Mandera, nikamtafuta nesi wa kike anayeshughulikia watu waliopasuliwa. Nikamwambia, "Nina mgonjwa mwenye mfuko tumboni, nataka kujua anaishije." Akanieleza kwa subira, lakini maneno yalipita tu juu. Mwishowe nikamwambia, "Sista, nibandike mmoja." Alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. "Mwalimu, wewe una shida gani?" Nikasema shida yangu ni ujinga. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akanibandika, na akatia ndani uji wa unga wa mahindi, mzito na vuguvugu, ili, alisema, nisome somo lote.

Raho, nilikaa nao siku mbili. Nilirudi nao Lafey kwa gari. Barabara unaijua, kila shimo lilinipandisha roho. Sikuweza kuegemea wala kuinama. Jirani yangu aliponuna kwa joto nilidhani ananinuna mimi, na ulikuwa uji tu! Kizuizini niliinua shati kabla sijaulizwa, na askari aliponiuliza ni nini hicho nikalishusha upesi. Nilifikiria wewe umenyanyua mikono barabarani. Sikuwa na bunduki hata moja iliyonielekea, na bado nilitaka kukimbia.

Kesho yake nikaingia nao darasa la saba. Nikanyoosha mkono juu kuandika ubaoni, gundi ikaachia, uji ukashuka ndani ya suruali mpaka kwenye viatu. Watoto wakatazama viatu vyangu. Nilisimama pale nimeshika chaki, nikielewa kwa nini mtu aweza kufunga pazia lake mwaka mzima na zaidi. Mimi nilitoka nikaenda kuoga na kuung'oa. Wewe hutaung'oa. Hapo ndipo nilipoacha kufikiri jinsi ya kukuleta Lafey.

Sasa nisamehe kosa lingine. Siri yako nimeifungua, kwa watu wawili tu, Lul na Ikran. Lul alilia. Ikran hakulia, unajua alivyo, ana kichwa chako. Alisema, "Aabo, nilikuwa nimekasirika kwamba eeddo hanipendi. Kama hawezi kuja kwenye kichwa changu, kichwa changu kitakwenda kwake." Nikaenda kwa wazee. Walishtuka, wakasema tangu lini binti wa Lafey anaozeshwa ugenini. Nikawaambia nyumba ya dada yangu si ugeni. Mzee Mowlid ametoka barazani bila kuniaga, lakini atarudi, pilau anaipenda.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyo. Tumefika Wajir, tunangoja msafara wa askari wa keshokutwa. Nikaha itasomwa Garissa. Siku ya saba shaash itafungwa sebuleni kwako, na fundo la kwanza ni lako. Tuna magari mawili, wanawake wengi kuliko viti, na mbuzi ambaye Lul amekataa kumwacha. Kati ya vitu vya bi harusi kuna sanduku ambalo halifunguliwi na mtu ila wewe. Ni mifuko. Nesi wa Mandera alinisaidia kuiagiza, ya aina ngumu, isiyoachia kwa joto.

Wakwe niliwajibu nilipopata sauti. Niliwaambia hakuna mwanamume, kuna harusi. Unsi ulikuwa wa Ikran, dada yangu alianza mapema kwa furaha. Wakaridhika. Watu wa Iftin walisema nyumba yako inanukia harusi, abaayo. Nawaletea harusi yenyewe, wasije wakawa waongo.

Hapa Wajir simu zinafanya kazi, najua. Ningeweza kukupigia. Lakini ningesikia "hapana" yako kabla sijamaliza salamu, na mimi sijawahi kukushinda kwa mdomo tangu uote meno. Barua haikatizwi, na hii nampa dereva wa basi la leo. Simu nimeizima.

Usije kunitazama, ulisema. Nakuja kukutazama.

Kaka yako,
Bishar


Iftin, Garissa,
16 Desemba 2024

Aboowe mwendawazimu,

Wa aleikum salaam. Nimekupigia simu mpaka vidole vimechoka. Nampa barua hii dereva wa basi la Wajir, mtapishana naye Modogashe, na ole wake akikukosa.

Umefanya nini? Umefanya nini, Bishar? Nina choo kimoja! Nina magodoro mawili na sinia moja lililopinda. Wanawake wengi kuliko viti, unasema, kana kwamba unaniletea embe. Barua yako nimeisoma nikikaa, nikisimama, nikikaa tena. Ulipofika kwenye uji nilipiga kelele. Mwalimu wa Kiswahili, darasa la saba, uji viatuni! Moyo wangu haujatulia hata sasa, mwandiko wenyewe unauona.

Ilibidi nitafute magodoro. Na mwenye magodoro mtaa huu ni nani? Nikamwita Osob. Aliingia akitupa macho pembeni, akitafuta viatu vya kiume. Nikamweka chini, nikaanza kumweleza habari ya wageni, magodoro na masinia, na nilipokuwa katikati ya maneno, kilikoroma. Kwa nguvu, Aboowe, kama ngamia aliyeshiba. Osob akaganda. Akatazama pazia. Akanitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi ya kukohoa. Ndivyo nifanyavyo siku zote, nakohoa. Sikukohoa. Nilinyanyua dera nikamwonyesha.

Alitia mkono mdomoni. Rangi ilimtoka, nikadhani ataanguka, nami nikabaki nimeshika pindo la dera nikijiuliza nimefanya nini. Kisha akasema polepole, "Ndiye huyo?"

Nikasema, "Ndiye."

"Na mimi nimemtangaza mpaka Lafey."

"Umemtangaza."

Akalia, mjinga yule, akalia mpaka akanilazimisha kumbembeleza mimi mgonjwa. Alipomaliza akajipangusa na kuuliza kama kinauma, na kama nakula vizuri, na nani hunifulia. Hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuniuliza hayo. Sasa hivi yuko uani anawapigia makelele wapwa zake walete magodoro, na ameapa kwamba siku ya saba atakaa upande wangu wa kushoto, na kikikoroma yeye ndiye atakayekohoa.

Bado naogopa, usidhani nimepona woga. Jana sikula, na leo kila nikifikiria sebule iliyojaa nakwenda kukagua gundi. Sijui nitavumiliaje siku saba. Lakini nimejaribu fundo kwenye mtungi, na vidole vinakumbuka. Mwambie Ikran nitamkaza kichwa.

Na chetezo nimekizima. Nimefungua dirisha na pazia nimeliinua. Nyumba inanuka kama nyumba, kuna moshi wa kuni, kuna mbuzi, labda nipo na mimi. Unsi nitauwasha bi harusi akivuka kizingiti, na nitauwasha kwa ajili yake.

Njooni.

Eeddo wa Ikran,
Raho